Namna Chama cha Walimu wa Muziki Kinavyoweza Kumlea Mwalimu Tarajali: Mwongozo Kamili kwa Mtwara na Lindi

Mwalimu mpya anaripoti shule ya msingi huko Tandahimba au Liwale. Mwalimu mkuu anampokea vizuri, anasikia kwamba alisoma muziki chuoni, basi anamkabidhi vipindi vya Sanaa na Michezo pamoja na kwaya ya shule. Darasa limejaa mpaka mlangoni. Hakuna kinanda wala filimbi, na katika kata nzima hakuna mwalimu mwingine wa somo hilo wa kumuuliza chochote. Ukirudi mwaka wa pili utamkuta anafundisha Hisabati na Sayansi, na muziki umebaki kuwa wimbo wa taifa mstarini na kwaya ya kupokea wageni.

Mwongozo huu ni kwa viongozi wa vyama vya walimu wa muziki na sanaa, pamoja na walimu wachache wanaofikiria kuanzisha chama katika mikoa yetu hii miwili. Semina na vyeti vina nafasi yake, sikatai. Lakini kinachomwokoa mwalimu wa namna hii ni sikio la mwalimu mwenzake mzoefu, alilolipata akiwa bado mwanachuo na ambalo hakulipoteza alipopangiwa kituo. Hatua zote zinazofuata zinalenga hapo.

Hatua ya 1: Jueni mnamlea nani

Kusini tuna walimu tarajali, yaani wanachuo wanaosomea ualimu, wa aina mbili, na chama kikiwachanganya kitapoteza nguvu zake.

Wa kwanza wapo hapa hapa nyumbani, katika vyuo vya ualimu vya Mtwara, Kitangali na Nachingwea. Wengi wao wanaandaliwa kufundisha masomo kadhaa, na muziki watakutana nao ndani ya somo la sanaa. Hawa hawahitaji kuwa wapiga vinanda. Wanahitaji nyimbo chache wanazozijua barabara, mbinu za kufundishia mapigo bila ala za kununua, na ujasiri wa kuimba mbele ya watoto.

Wa pili ni vijana wetu waliokwenda mbali kusomea sanaa au muziki wenyewe: Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Makumira karibu na Arusha, au TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni pale Bagamoyo. Hawa wanajua nota kuliko walimu wengi walioko kazini. Wanachokosa ni mahali pa kufanyia mazoezi nyumbani na mtu wa kuwaonyesha shule za huku zilivyo. Wanarudi likizo, wanakaa wiki kadhaa, wanaondoka, na hakuna aliyewatafuta. Fungueni daftari la majina yao: chuo, mwaka wa masomo, ala anayoimudu, wilaya ya nyumbani na miezi ya likizo. Makatekista, walimu wa kwaya na maofisa utamaduni wa halmashauri ndio wanaojua kijana wa nani yuko chuo gani. Anzeni kwao.

Hatua ya 2: Wekeni chama mahali pake kisheria

Hapa nitapita haraka, kwa sababu watu hutumia miaka wakibishana juu ya katiba na nembo. Chama cha Walimu Tanzania ni chama cha wafanyakazi, kinashughulikia maslahi. Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, inashughulikia viwango vya taaluma nzima. Chama cha somo hakigombani na hivyo viwili wala hakichukui nafasi yake. Walimu wa hisabati wana CHAHITA yao kwa miaka mingi na hakuna aliyelalamika. Mnaweza kuanza kama tawi la chama cha kitaifa kilichokwisha kusajiliwa, au kusajili chama chenu kwa Msajili wa Jumuiya. Kabla ya lolote, mwoneni Ofisa Utamaduni wa halmashauri na Ofisa Elimu, maana bila baraka zao hamtaingia shuleni.

Katika katiba, hakikisheni kuna kifungu kinachompa mwanachuo uanachama kamili kwa ada ndogo, mathalani shilingi 2,000 kwa mwaka, na kiti kimoja katika kamati ya utendaji. Asiwe mgeni mwalikwa. Anayeamua atakaa, anayealikwa atakuja siku ya chakula.

Hatua ya 3: Anzisheni tawi ndani ya chuo

Mfano upo wa kutazama. Marekani kuna chama cha walimu wa muziki kiitwacho NAfME, kilichoanza mwaka 1907, na mojawapo ya nguzo zake ni matawi ya wanafunzi vyuoni: wanachuo wenyewe ndio viongozi, mhadhiri mmoja ni mlezi, na ada yao iko chini ya ile ya walimu walio kazini. Utaratibu huo hauhitaji utajiri wa Marekani. Unahitaji mkufunzi mmoja aliye tayari, barua ya mkuu wa chuo na saa moja isiyoguswa kila wiki.

Hiyo saa ifanye nini? Nashauri isiwe ya mikutano. Kila wiki mwanachuo mmoja afundishe wimbo mmoja kwa wenzake kana kwamba ni darasa la tatu, kwa dakika 15, kisha wenzake wamweleze walichokielewa na walichokikosa. Wiki inayofuata mwingine. Mwaka ukiisha, kila mwanachama atakuwa amesimama mara kadhaa, na tawi litakuwa na kitabu cha nyimbo zilizokwisha kujaribiwa. Tawi la namna hii pia ndilo litakaloandaa kwaya na ngoma za chuo kwa ajili ya UMISAVUTA, mashindano ya michezo na sanaa ya vyuo vya ualimu, jambo ambalo wakuu wa vyuo hulipenda na litawafungulia milango mingine.

Hatua ya 4: Mpeni kila mwanachuo mwalimu mlezi

Hii ndiyo hatua yenyewe. Mkiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanyeni hili.

Mwalimu mlezi ni mwalimu aliye kazini, si mkufunzi wa chuo. Mkufunzi anakuja kumpima mwanachuo na kumpa alama, kwa hiyo mwanachuo humficha udhaifu wake. Mlezi hana alama za kutoa. Anaweza kuambiwa, "Mwalimu, mimi sauti inanitetemeka nikianza wimbo," na akasaidia.

Chagueni walezi kwa uangalifu. Mwalimu bora wa kwaya mjini si lazima awe mlezi mzuri. Wapo mafundi wa muziki wasioweza kumwachia mwenzao afanye kazi. Tafuteni anayejua kunyamaza. Mlezi mmoja asipewe zaidi ya wanachuo watatu. Tena angalieni umbali. Kutoka Mtwara mjini hadi Masasi ni kama kilomita 200, na mwanachuo hatakwenda huko na kurudi kwa ajili ya ushauri wa nusu saa. Mwanachuo aliye Nachingwea apate mlezi wa Nachingwea au Masasi. Wa Kitangali apate wa Newala au Tandahimba.

Makubaliano yawe kwenye karatasi moja: mlezi atamtazama mwanachuo akifundisha angalau vipindi vitatu wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo atamtazama mlezi vipindi vitatu kabla ya hapo, na watazungumza kila baada ya kipindi, siku hiyo hiyo. Ulizeni chuo tarehe za mazoezi mapema ili majina ya shule yapangwe kwa kuzingatia walezi walipo. Ofisi za vyuo husikiliza ombi kama hilo likija kabla ya orodha kutoka. Likija baada ya hapo, hakuna atakayebadili.

Mlezi atazame nini? Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndio ninaouona mara nyingi zaidi. Mwanachuo wa kiume anaanzisha wimbo kwa sauti yake ya asili, ya chini. Watoto wa miaka minane wanamfuata huko chini, hawafiki, basi wananguruma au wanapiga kelele bila sauti ya wimbo. Mwanachuo anadhani watoto hawajui kuimba. Kumbe tatizo ni pa kuanzia. Sauti ya mtoto wa umri huo hukaa vizuri takriban kuanzia nota ya D iliyo juu ya C ya kati (ile C ya katikati ya kinanda) na kupanda hadi A au B. Wimbo unaotembea kati ya do na la uanze Do ikiwa D, si pale koo la mwalimu lilipoamkia. Mlezi aliyekaa dawati la nyuma analisikia hili ndani ya dakika ya kwanza. Dawa yake ni rahisi: mwanachuo ajipatie sauti ya kuanzia kwa filimbi ndogo au simu, aiimbe kwa sauti nyepesi ya juu, awaambie watoto waipokee kwa mvumo mdomo ukiwa umefumbwa, ndipo wimbo uanze. Kama hawezi kupanda huko, amtumie mtoto mwenye sauti thabiti kuwa kiongozi. Au aimbe chini lakini awaonyeshe watoto kwa mkono kwamba wao wanakaa juu. Ishara za mkono za solfa (do, re, mi), zilizoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, zinasaidia sana hapo.

Hakuna mhadhara utakaomfundisha hilo. Anahitaji mtu aliyesikia watoto wale, chumba kile, siku ile.

Mambo mengine ya kutazama: je, watoto waliimba na kupiga zaidi kuliko walivyosikiliza maelezo? Je, maneno ya wimbo yalifundishwa mstari kwa mstari au yaliandikwa yote ubaoni na kumaliza nusu ya kipindi? Je, wasichana walipewa ngoma wapige, au walipewa kucheza tu? Mlezi aandike mambo mawili mazuri na moja la kurekebisha. Moja tu. Mwanachuo anayepewa makosa saba hurekebisha sifuri.

Hatua ya 5: Waleteni wazee wa ngoma na walimu wa kwaya kwenye malezi hayo

Hapa ndipo Kusini ina utajiri ambao vyuo vya mbali vinautamani. Sindimba imechezwa nchi nzima, lakini chimbuko lake ni kwa Wamakonde wa huku. Kuna mapiko na vinyago vyake, kuna ngoma za Wayao, Wamakua na Wamwera. Tamasha la MaKuYa pale Mtwara lilipata jina lake kutokana na Makonde, Makua na Yao, na limewahi kukusanya vikundi kutoka vijijini hadi uwanja wa Nangwanda Sijaona. Walimu wa muziki huu wapo hai, wengi hawajui kusoma nota na hawazihitaji.

Chama kimpeleke mwanachuo kwa mzee mmoja wa ngoma, si kwa kutazama onyesho bali kwa kujifunza kazi. Akae naye ngozi inapowambwa. Aone ngoma inavyosogezwa motoni ikaze, maana hewa ya pwani ya Mtwara na Lindi huilegeza ngozi haraka. Ngoma nyingi za Kimakonde zina mguu mmoja uliochongoka unaochomekwa ardhini, na mpigaji husimama huru. Mwanachuo ajifunze kuichomeka vizuri kabla hajajifunza kuipiga. Kisha ashike kinganga, ile ndogo yenye sauti ya juu, ashikilie pigo lake lisiloyumba wakati ngoma kubwa zinazungumza. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na ndiyo mafunzo ya mapigo yaliyo bora kuliko ubao wowote.

Mzee hakuandikii pigo, hulitamka kwa mdomo. Mwanachuo ayaandike matamshi hayo jinsi yalivyo, kwa sababu ndiyo njia atakayotumia darasani: watoto walitamke pigo kwanza, walipige mapajani, walipige mezani, na mwisho kwenye ngoma. Darasa la watoto wengi linagawanyika vizuri hivyo. Nusu ishike pigo la kinganga kwa makofi, robo itembee hatua za pigo kuu, robo iimbe. Hakuna shilingi iliyotumika.

Lakini kuna mipaka ambayo chama lazima kiiandike. Nyimbo za jando na unyago zina mambo ambayo hayasemwi mbele ya wasiopitia, na nyingine si za watoto kabisa. Kabla wimbo haujaingia darasani, aulizwe kungwi au nyakanga husika: huu unaruhusiwa nje? Kwa watoto wa umri gani? Maneno gani yabadilishwe? Akisema hapana, imetosha. Kurekodi pia kuombewe ruhusa, na mzee aelezwe sauti yake itatumika wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda hata sanaa za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana, kwa hiyo kuchukua wimbo wa kijiji na kuusambaza kama wako si suala la adabu peke yake. Na mzee alipwe. Mtunga bajeti asiandike "soda ya mzee". Aandike posho ya mkufunzi, kwa kuwa ndicho alichokuwa siku hiyo.

Upande wa nota, walimu wenu wako makanisani. Ndanda, misheni ya Wabenediktini iliyoanza mwaka 1906, na dayosisi ya Kianglikana ya Masasi zina historia ndefu ya kwaya. Katika parokia nyingi yupo mwalimu wa kwaya anayesoma solfa kama mtu anavyosoma gazeti. Mwombeni ampokee mwanachuo kwenye mazoezi ya jioni kwa miezi mitatu: ajifunze kugawa sauti, kushika mapigo kwa mkono, kumrekebisha mwimbaji bila kumwaibisha.

Pwani nzima, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, watoto wengi wanakuja na sikio lililolelewa madrasa, kwa kaswida na maulidi. Ni hazina ya sauti na kumbukumbu. Familia nyingine lakini hazipendi kaswida iitwe muziki, wala isiimbwe darasani kama mchezo. Chama kimwelekeze mwanachuo azungumze na ustadhi na wazazi kwanza, ajue kipi kinakubalika. Mwalimu aliyefanya hivyo huachiwa watoto kwa moyo mweupe.

Hatua ya 6: Wekeni sanduku la ala la kuazimana

Shule moja haiwezi kununua ala, chama kinaweza kununua kidogo kidogo na kuzungusha. Sanduku la kwanza liwe na ngoma tatu za ukubwa tofauti zilizonunuliwa kwa fundi wa huku huku, kayamba, manyanga, njuga, filimbi kumi za plastiki, na kinanda kidogo kinachotumia betri. Ongezeni ngozi ya akiba na kamba. Mwanachuo aliye kwenye mazoezi aazime kwa wiki mbili, kwa saini yake na ya mwalimu mkuu. Filimbi zioshwe kwa maji ya sabuni kabla ya kwenda shule nyingine.

Nashauri kinanda kiwe cha mwisho kununuliwa. Kikitangulia, kitakaa ofisini kikifunikwa kitambaa na kutoka siku ya mahafali.

Hatua ya 7: Kusanyeni watu mara mbili kwa mwaka, na mchague majira

Siku moja katika likizo ya Juni, siku moja Desemba. Likizo ndipo wale wa Butimba, Dar es Salaam na Makumira wako nyumbani, na walimu wa vijijini wanaweza kutoka. Angalieni tu kwamba likizo hizo ndizo pia za jando na unyago katika vijiji vingi, hivyo ulizeni tarehe kabla ya kupanga. Asubuhi iwe ya walezi na wanachuo kufundishana, mchana mzee wa ngoma, jioni mipango. Hotuba moja, fupi, mwishoni. Mkutano mmoja ufanyike Lindi na mwingine Masasi, kwa zamu, badala ya kila mara Mtwara mjini.

Hatua ya 8: Tafuteni fedha wakati zipo

Uchumi wa huku unafuata korosho. Minada ikianza, kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa mwaka, vyama vya msingi vya ushirika na wafanyabiashara wana uwezo wa kuchangia, na barua ya ombi la mwezi wa Novemba hujibiwa vizuri kuliko ya Aprili. Ombeni kitu kinachoonekana: ngoma tatu, nauli za walezi sita, posho za wazee wawili. Kisha pelekeni watoto wakaimbe na kupiga ngoma hizo mbele ya waliochangia. Hesabu zisomwe hadharani kila mkutano, hata kama ni shilingi elfu arobaini.

Kwa nje, uunganisheni uongozi na ISME, chama cha kimataifa cha elimu ya muziki kilichoanzishwa mwaka 1953, na PASMAE, kinachounganisha walimu wa sanaa za muziki barani Afrika. Msitarajie fedha huko. Mtapata maandiko, watu wa kuandikiana nao, na siku moja mwanachuo wenu anaweza kusimama mbele ya mkutano akaeleza kinganga inavyofundishwa.

Hatua ya 9: Msimwache anapohitimu

Vyama vingi huishia kwenye mahafali, na hapo ndipo mtu anapohitaji chama kuliko wakati wowote. Siku hizi mhitimu huomba ajira kwenye mfumo, hupita usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na anaweza kusubiri muda mrefu. Katika kusubiri huko sauti inapooza, mikono inasahau, na kijana anakwenda kutafuta riziki kwingine.

Fanyeni haya. Msaidieni kutunza jalada: maandalio ya somo aliyoyatumia kweli, maoni ya mlezi, rekodi fupi ya darasa lake, orodha ya nyimbo na mahali alikojifunza. Mfanyisheni mazoezi ya usaili, pamoja na kufundisha somo mbele ya watu asiowajua. Mtafutieni shule ya kujitolea iliyo karibu na kwao, kwa makubaliano ya maandishi juu ya saa na nauli, ili kujitolea kusigeuke kuwa kutumikishwa. Abaki kwenye kundi la WhatsApp la chama, na kundi hilo liwe la kazi: swali la somo, sauti ya wimbo, picha ya andalio. Salamu za asubuhi zitafutiwe kundi jingine.

Akipangiwa kituo, andikeni barua kwa mwalimu mkuu ndani ya mwezi wa kwanza. Mtambulisheni mwalimu, elezeni kwamba chama kitaazimisha ala, na ombeni kwa heshima vipindi vya sanaa vibaki kwenye ratiba. Kisha mlezi, au mwanachama aliye karibu zaidi, amtembelee kabla muhula haujaisha. Aende siku yenye kipindi, si Jumamosi. Abebe kinganga moja na karatasi ile ile ya mambo mawili mazuri na moja la kurekebisha, akae dawati la nyuma, na asikilize watoto wanaanzia sauti gani.